Mkikuta Kitu, Mtanitibu Leo?

Mwanamke anayekwenda kupima saratani ya mlango wa kizazi huwa na maswali mawili mdomoni: kinauma, na ni bei gani. Yote mawili ni ya haki na nitayajibu. Lakini lipo la tatu ambalo ningependa kila dada na kila mama atoke nalo nyumbani, amwulize muuguzi kabla hajapanda kitandani: mkikuta kitu, mtanitibu hapa hapa leo, au mtaniandikia barua niende kwingine? Jibu la swali hilo lina uzito kuliko jina la kipimo chenyewe.

Nasema hivyo kwa sababu ya mwendo wa ugonjwa huu. Chanzo chake ni virusi vya HPV, ambavyo karibu kila mtu aliyewahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Visipoondoka, hasa aina ya 16 na 18 ambazo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizi, huanza kuharibu utando wa mlango wa kizazi polepole. Tangu uharibifu huo wa awali hadi saratani kamili, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, hupita miaka 15 hadi 20. Kwa anayeishi na VVU bila kutumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo muda tunao, na tiba ya hatua ya awali ni nyepesi kiasi kwamba muuguzi aliyefundishwa anaitoa katika chumba cha kawaida, mgonjwa akiwa macho.

Na bado, kwa makadirio ya mwaka 2020, Tanzania peke yake ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 na kuzika wanawake zaidi ya 6,000 kwa saratani hii. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Wako ambao hawakuwahi kupimwa kabisa. Lakini wako pia waliopimwa, wakapotea njiani: majibu yalibaki maabara, barua ya rufaa ilikosa nauli, au mama aliambiwa arudi baada ya wiki tatu ilhali ana shamba la kupalilia na mgonjwa wa kuuguza nyumbani. Hao ndio ninaowafikiria ninapoandika, maana walishafanya lililo gumu zaidi, la kwenda.

Sasa tuvitazame vipimo vyenyewe, tukianza na kile ambacho wengi wetu tutakutana nacho, kipimo cha siki. Wauguzi wanakiita VIA. Katika vituo vingi vya serikali Tanzania hufanyika kwenye chumba kinachoitwa CECAP, mara nyingi jirani na kliniki ya mama na mtoto au kliniki ya VVU, na hutolewa bure. Unalala chali, unafunikwa kanga au shuka magotini, muuguzi anaingiza chombo kiitwacho spekulamu ili auone mlango wa kizazi, kisha anaupaka siki nyepesi ya asilimia 3 hadi 5 kwa pamba na kusubiri dakika moja. Sehemu iliyoharibika hugeuka nyeupe. Basi. Majibu anayo yeye pale pale, na kama ana kifaa cha tiba anaweza kukutibu kabla hujavaa viatu.

Kwa sababu ni siki, watu wanakidharau. Nimewasikia wasomi wakisema hicho ni kipimo cha maskini, wao watasubiri cha maana. Wajue kwamba huko Mumbai, India, wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya mabanda walifuatiliwa kwa miaka 12, nusu yao wakipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili. Waliowapima hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake wenye elimu ya sekondari waliofundishwa kwa wiki chache. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, vifo vya saratani hii katika kundi lililopimwa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31. Kipimo hicho kina udhaifu wake, nami sitauficha: kinategemea macho na uzoefu wa anayetazama. Muuguzi mmoja ataona weupe ambapo mwingine haoni, na mwingine ataona weupe kwenye uvimbe wa kawaida usio saratani. Ndiyo maana hurudiwa kila baada ya miaka mitatu. Ukipimwa mara moja ukaambiwa uko salama, ukarudi baada ya miaka kumi na mitano, umejidanganya.

Udhaifu wa pili ni wa umri. Kadiri mwanamke anavyokaribia kukoma hedhi, ile sehemu ambako saratani huanzia hujivuta kuingia ndani ya mlango wa kizazi, siki haiifikii wala jicho haliioni. Mama wa miaka 55 akipimwa kwa siki na kuambiwa kila kitu ni safi, ajue kwamba sehemu muhimu huenda haikuonekana. Muuguzi mwaminifu atamwambia hivyo mwenyewe na kumwelekeza kwenye kipimo kingine.

Lusaka, Zambia, walipata njia nzuri ya kupunguza utegemezi huo wa jicho moja. Kuanzia mwaka 2006, wauguzi wa kliniki zilizowekwa jirani na huduma za VVU walianza kuupiga picha mlango wa kizazi kwa kamera ya kawaida ya dijitali baada ya kupaka siki. Picha hiyo mwanamke mwenyewe alioneshwa akaelewa anatibiwa nini, na palipokuwa na shaka daktari aliye mbali aliitazama pia. Kama kituo chako kina kamera au simu ya kazi hiyo, omba uoneshwe picha yako. Ni mwili wako, na ukiona kwa macho yako hutasahau tarehe ya kurudi.

Kipimo cha pili, kinachofahamika zaidi kwa wenye bima na wanaotibiwa hospitali binafsi, ni cha Pap, kilichopewa jina la daktari Mgiriki George Papanicolaou. Hapa muuguzi au daktari hukwangua chembe kidogo kwa brashi, zikapelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini na mtaalamu wa chembe. Nchi tajiri zimepunguza sana vifo kwa kipimo hiki, lakini tusisahau zilivyofanya. Uingereza ilikuwa ikipima kwa miaka mingi bila mafanikio makubwa mpaka mwaka 1988, ilipoanzisha utaratibu wa kompyuta wa kumwandikia kila mwanamke barua ya kumwita, na kumfuata asipokuja. Kipimo kimoja cha Pap hukosa kuona mabadiliko mengi. Nguvu yake ni kurudiwa, na nyuma yake kuwe na maabara isiyochoka na mtu wa kukutafuta majibu yakiwa mabaya. Ukikifanya mahali ambapo majibu huchukua wiki kadhaa na hakuna atakayekupigia simu, kazi ya kufuatilia ni yako. Chukua namba ya maabara, andika tarehe, nenda ukaulize. Kimya si majibu mazuri. Usikubali kuambiwa "tungekupigia kama kungekuwa na tatizo."

Cha tatu ndicho kipya kwetu na ndicho ninachokiamini zaidi: kipimo cha virusi vyenyewe, HPV. Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza mwaka 2021 kiwe kipimo cha kwanza popote kinapopatikana, na sababu zake ni za msingi. Katika wilaya ya Osmanabad, India, wanawake zaidi ya 130,000 waligawanywa makundi manne. Kundi lililopimwa HPV mara moja tu, na waliokutwa na tatizo wakatibiwa, lilipata nusu ya vifo vya kundi ambalo halikupimwa. Katika utafiti huo huo, mara moja ya siki na mara moja ya Pap hazikuonesha upungufu wa wazi wa vifo. Kwa mwanamke ambaye huenda atapimwa mara moja au mbili maishani, hiyo ni tofauti kubwa mno. Ukikutwa huna virusi, unaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kurudia. Ukiwa na VVU, miaka 3 hadi 5.

Uzuri wake mwingine ni kwamba sampuli unaweza kuichukua mwenyewe. Unapewa kibrashi laini, unaingia chooni au nyuma ya pazia, unakiingiza ukeni kama unavyoelekezwa, unakizungusha, unakirudisha kwenye kichupa chake. Hakuna spekulamu, hakuna wa kukutazama. Sampuli ya kujichukulia, ikipimwa kwa mashine nzuri, hukaribia sana ile inayochukuliwa na mhudumu, na Shirika la Afya Duniani limeikubali. Kwa yule ambaye haya imemweka nyumbani miaka yote hii, au aliyewahi kudhulumiwa na hawezi kustahimili kulala katika mkao ule, hii ni njia ya heshima. Nawasihi wanaoongoza huduma wilayani wasiifanye kuwa ya wachache wa mjini. Mashine za GeneXpert, zilizosambazwa hospitalini kwetu kwa ajili ya kifua kikuu, zinaweza kupima HPV pia zikipewa kasha lake.

Lakini hapa ndipo lile swali linaporudi kwa nguvu. Kipimo cha virusi hakioni jeraha. Kinakuambia virusi vipo. Bado mtu lazima atazame mlango wa kizazi aamue tiba. Kituo kinachopokea vibrashi kwa mamia bila kuwa na muuguzi na kifaa cha kutibu kinawapa wanawake hofu tu. Kwa hiyo ukiniuliza uchague kipi kati ya siki ya zahanati yenye kifaa cha tiba na kipimo cha HPV ambacho majibu yake yatakuja mwezi ujao na matibabu yako mkoani, nitakuambia hivi: kama unajua hutapata nauli ya kwenda mkoani, pima kwa siki leo. Kama una uwezo wa kufuatilia, au kituo kinafanya yote mawili, chagua HPV. Na usikubali kurudishwa nyumbani bila chochote kwa kuwa kipimo bora kimekwisha wakati siki ipo.

Nani apime, na lini? Kwa wengi ni kuanzia miaka 30. Kabla ya hapo virusi ni vya kawaida mno na vingi huondoka vyenyewe. Binti wa miaka 21 akipimwa HPV atapata wasiwasi na pengine tiba asiyoihitaji. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, kwa sababu hatari yake ni mara sita ya wengine. Dada unayechukua ARV, usisubiri uambiwe. Siku ya kuchukua dawa mwombe muuguzi wa kliniki yako akuandikie, na kama chumba cha kupimia kipo jirani malizia siku hiyo hiyo. Lengo ambalo nchi za dunia zimejiwekea kufikia mwaka 2030 ni kwamba asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kwa kipimo chenye nguvu wakiwa na miaka 35, na tena wakiwa na miaka 45. Mara mbili tu maishani, kama ni kipimo sahihi na tiba ikifuata.

Maandalizi hayana mambo mengi. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Siku mbili kabla usiweke dawa yoyote ukeni, na usijisafishe ndani. Nikiwa hapo, niseme jambo ambalo limeanza kuvuma: siki inayotumika kliniki ni ya kuonesha, haitibu. Kujiosha nayo nyumbani kunakuunguza na kuharibu ulinzi wa asili wa uke. Kinauma? Spekulamu inaleta mgandamizo na kero, siki huchoma kidogo kwa wengine. Maumivu makali si ya kawaida na una haki ya kusema "simama kwanza". Una haki pia ya kuomba mhudumu wa kike, na kama hayupo, kuomba mwanamke mwingine awemo chumbani. Uliza kama chombo kimechemshwa. Muuguzi mzuri hatachukia, atakuonesha.

Ukikutwa na mabadiliko ya awali, tiba ni mojawapo ya hizi. Tiba mgando hugandisha sehemu iliyoharibika kwa gesi baridi: dakika tatu, mapumziko ya dakika tano, kisha tatu tena. Ni nzuri, ila mitungi ya gesi ni mizito na huisha, na vituo vingi vimekaa na mashine isiyo na gesi. Tiba joto hutumia kifaa kidogo kinachopata joto la nyuzi 100 na kugusishwa kwa chini ya dakika moja. Vingine vina betri na vinaingia kwenye begi. Jeraha likiwa kubwa mno, unapelekwa hospitali kubwa likakatwe kwa kitanzi cha umeme baada ya sindano ya ganzi. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotoa kizazi. Wala hazikunyimi mtoto.

Baada ya tiba utatokwa na majimaji kwa wiki nne hadi sita. Kwa mwezi mzima usijamiiane, kwa kuwa pale ni kidonda kibichi na VVU huingia kirahisi. Ikishindikana kabisa, kondomu. Homa, harufu mbaya, maumivu makali chini ya kitovu au damu nyingi kuliko hedhi ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo. Baada ya mwaka mmoja unarudi kupimwa tena hata kama unajisikia mzima kabisa. Weka kadi yako pamoja na vyeti vya watoto, si kwenye pochi.

Mwezi ule wa kutoguswa ndio unaovunja matibabu mengi, na kimya kati ya mke na mume ndicho chanzo. Akina baba wanaosoma hapa, tafadhali. HPV ikipatikana leo haimaanishi mke amezini jana. Virusi hivi vinaweza kukaa kimya miaka mingi, tangu kabla hamjajuana, na hakuna kipimo cha kawaida cha kuvitafuta kwa mwanaume, kwa hiyo hakuna anayeweza kuthibitisha vilitoka kwa nani. Nyumba zimevunjika kwa jambo ambalo kitabibu halina jibu. Anachohitaji mkeo ni nauli na mwezi wa subira. Kwenda naye kliniki mkafafanuliwe pamoja ni bora zaidi.

Muuguzi akishuku saratani yenyewe, mambo hubadilika. Hapo asikugandishe wala kukuchoma. Anapaswa kukupeleka hospitali yenye daktari wa kukukata kinyama kidogo kipelekwe kuchunguzwa. Usiogope kinyama hicho. Maneno kwamba "ukichokonolewa inasambaa" yamewapeleka wengi kwa waganga huku miezi ikienda. Ikiwa ya mapema, upasuaji huweza kuimaliza. Ikiwa imekwenda mbele, kuna mionzi pamoja na dawa, kwa Tanzania Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando, Mwanza, miongoni mwa sehemu zinazotoa. Nenda na ndugu mwenye kusikiliza vizuri, maana mgonjwa mwenyewe siku ile hasikii nusu ya anayoambiwa.

Kuhusu mabinti, kwa kifupi: chanjo ipo na inafanya kazi. Rwanda ilianza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019, na mwaka 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mpeleke binti yako. Ila chanjo haiondoi virusi ambavyo mtu tayari anavyo, kwa hiyo mama hawezi kumchanja binti akadhani naye amejikinga, na binti aliyechanjwa naye atapimwa umri wake ukifika.

Yote haya ni kwa mwanamke asiye na dalili. Mwenye dalili hahitaji uchunguzi wa kawaida. Anahitaji daktari, haraka. Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, uchafu wenye harufu usiokoma, maumivu ya nyonga yasiyoisha. Hapa kwetu dalili hizi zina majina mengi ya kuzichelewesha: chango, fangasi, "UTI sugu". Mwanamke anatibiwa UTI mara nne, kila mara duka jipya na vidonge vipya, na hakuna hata mmoja aliyemtazama. Ukishatibiwa mara moja au mbili bila nafuu, mwambie mhudumu kwa sauti: naomba unitazame kwa spekulamu.

Na mama zetu walioko vijijini, waliokwisha kukoma hedhi, ndio wanaosahauliwa kuliko wote, kwa sababu kliniki zote zimejengwa kwa ajili ya wanaozaa na wao hawana cha kuwapeleka huko. Mama akikuambia, pengine kwa kuzunguka sana, kwamba hedhi imemrudia, usingoje kambi ya vipimo itakayotangazwa na gari la matangazo. Damu baada ya kukoma hedhi haina maelezo ya kawaida mpaka daktari aseme. Mtumie nauli leo, umpe mtu wa kumsindikiza, na umwambie huyo anayemsindikiza asikubali watoke hospitali ya wilaya kama mama amepapaswa tumbo tu na kupewa vidonge.